Nani Angefaulu Bila Programu? Suala la Ulinganisho katika Tathmini ya Programu za Kuwasaidia Wanafunzi Weusi Vyuoni nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu za kuwasaidia wanafunzi Weusi kufaulu katika vyuo vya Marekani zinavyotathminiwa, na kwa nini tathmini nyingi hazijibu swali zinalodai kulijibu. Hoja kuu ni kwamba thamani ya tathmini hutegemea ubora wa ulinganisho wake: matokeo ya wanafunzi waliosaidiwa hayana maana mpaka ijulikane wangekuwaje kama wasingesaidiwa. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kuchunguza programu za Berkeley, Maryland, New York na Georgia, pamoja na jaribio la kisaikolojia kuhusu hisia ya kuwa sehemu ya chuo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza maswali matano ambayo mtathmini anapaswa kuyajibu kabla ya kutoa hukumu.

1.0 Utangulizi

Tangu katikati ya miaka ya 1960, serikali, vyuo na wafadhili binafsi nchini Marekani wameanzisha programu nyingi za kuwasaidia wanafunzi ambao kwa muda mrefu walifungiwa milango ya elimu ya juu. Programu ya Upward Bound, inayowaandaa wanafunzi wa sekondari kuingia chuoni, ilianza mwaka 1964. Sheria ya Elimu ya Juu ilipitishwa mwaka 1965, na programu ya shirikisho ya kuwahudumia wanafunzi waliokwisha kuingia chuoni ikafuata mwaka 1968. Baadhi ya programu ziliwalenga wanafunzi Weusi moja kwa moja. Nyingine ziliwalenga wanafunzi maskini, au wale ambao wazazi wao hawakusoma chuo, na kwa njia hiyo zikawafikia wanafunzi Weusi wengi.

Swali la kama programu hizi zinafanya kazi si la kitaaluma tu. Jibu lake huamua nani atapewa fedha mwaka unaofuata na nani ataambiwa kwamba tatizo ni lake mwenyewe. Mwandishi wa makala haya alilifahamu jambo hilo kabla ya kuanza masomo ya uzamivu, alipokuwa mratibu wa programu ndogo ya usaidizi wa masomo katika chuo kikuu kimoja. Ripoti aliyoiandika ilisema kwamba wengi wa wanafunzi waliohudhuria hadi mwisho walifaulu mitihani yao. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, na haikuthibitisha chochote. Waliohudhuria hadi mwisho ni wale waliokuwa na nauli, waliokaa karibu na chuo na ambao hawakulazimika kufanya vibarua jioni. Wale walioacha kuhudhuria waliitwa katika kikao cha tathmini "wasio na nia", na posho yao ya usafiri ikaondolewa kwenye bajeti iliyofuata. Kosa la ulinganisho lilizaa kosa la uamuzi.

Marekani imechaguliwa kuwa uwanja wa makala haya kwa sababu ina kumbukumbu ndefu ya tathmini za aina hii: zilizofanywa vizuri, zilizofanywa vibaya, na zilizoibua mabishano ambayo hayajaisha. Kumbukumbu hiyo inamfundisha mtafiti mambo ambayo hawezi kuyapata katika kitabu cha mbinu za utafiti peke yake.

2.0 Kufaulu Kunahesabiwaje?

Kabla ya kuuliza kama programu imeleta mafanikio, ni lazima kujua mafanikio yanapimwaje. Kipimo kinachotumika zaidi nchini Marekani ni kiwango cha kuhitimu. Sheria ya mwaka 1990 iliviagiza vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho kutangaza sehemu ya wanafunzi wao wanaohitimu ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka sita kwa shahada ya miaka minne, na miaka mitatu kwa chuo cha jamii kinachotoa shahada ya miaka miwili.

Kipimo hicho kina mipaka mitatu. Kwanza, kilijengwa juu ya wanafunzi wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote. Mama anayesoma masomo mawili kwa muhula huku akifanya kazi hakuhesabiwa. Pili, mwanafunzi anayehama chuo kimoja na kuhitimu kingine huonekana katika chuo cha kwanza kama mtu ambaye hakuhitimu hapo. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo takwimu za ziada kuhusu wanafunzi wa muda na wanaohama zimeanza kukusanywa kitaifa.

Mpaka wa tatu unamgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika takwimu za shirikisho, mwanafunzi wa kigeni aliyekuja kwa viza ya masomo huwekwa katika kundi lake, bila kujali rangi. Kwa hiyo kijana kutoka Tanga anayesoma Ohio hahesabiwi kama mwanafunzi Mweusi. Lakini binti wa wakimbizi wa Kikongo aliyekulia mji huohuo, anayezungumza Kiswahili nyumbani na mwenye uraia wa Marekani, huhesabiwa katika kundi moja na mwanafunzi ambaye familia yake imekaa Georgia tangu enzi za utumwa. Neno "Weusi" katika jedwali linakusanya historia tofauti, na programu inayofaa kwa historia moja si lazima ifae kwa nyingine.

Aidha, kiwango ghafi cha kuhitimu hakiwezi kutumika kupima ubora wa chuo bila kuangalia nani wanaingia. Vyuo vya kihistoria vya Weusi, ambavyo kisheria ni vile vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo kuu la kuwaelimisha Wamarekani Weusi, hupokea sehemu kubwa ya wanafunzi kutoka familia zenye kipato kidogo. Kuvilinganisha na vyuo vya matajiri kwa takwimu hiyo pekee ni kupima mfuko wa mzazi na kuuita ubora wa mwalimu. Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, ambacho si kikubwa wala si tajiri, kimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vinara wa kuwapeleka wanafunzi Weusi katika shule za udaktari wa tiba.

3.0 Tatizo la Kujichagua: Berkeley na Maryland

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo akiwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walishindwa somo la kalkulasi. Walimu aliowauliza walitaja ukosefu wa ari, maandalizi hafifu, familia zisizojali na umaskini. Badala ya kuyakubali majibu hayo, Treisman aliwafuatilia wanafunzi 20 Weusi na wanafunzi 20 wenye asili ya Kichina, akaangalia jinsi walivyosoma. Maelezo ya walimu hayakusimama. Wanafunzi Weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao walithamini elimu; lakini walisoma kila mmoja peke yake, huku wenzao wakikutana, wakikosoana na kusahihishana majibu. Kutokana na uchunguzi huo aliunda warsha za hisabati ambamo wanafunzi walitatua kwa pamoja maswali magumu kuliko ya darasani. Warsha hizo zilitangazwa kama fursa ya kung'ara. Hazikuitwa masomo ya kurekebisha udhaifu. Washiriki walipata alama za juu kuliko wanafunzi Weusi wasioshiriki.

Hapa ndipo mtathmini anapaswa kusimama na kuuliza: waliojiunga na warsha walikuwa akina nani? Mwanafunzi anayekubali kutumia saa za ziada kila wiki kwa maswali magumu huenda angefaulu kuliko wenzake hata bila warsha. Hili ndilo tatizo la kujichagua. Haliivunji hoja ya Treisman, ambayo nguvu yake kubwa ilikuwa katika uchunguzi wa chanzo cha tatizo. Lakini linatuzuia kusema tofauti yote ya alama ilitokana na warsha.

Programu ya Meyerhoff ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, ilikaribia zaidi kulitatua tatizo hilo. Ilianzishwa mwaka 1988 chini ya uongozi wa Freeman Hrabowski kwa ufadhili wa Robert na Jane Meyerhoff, na kundi la kwanza la vijana 19 wa kiume Weusi liliingia mwaka 1989. Wasichana walianza kupokelewa mwaka uliofuata. Programu inajumuisha kambi ya maandalizi wakati wa kiangazi, ufadhili wa masomo, vikundi vya kujisomea, utafiti wa mapema katika maabara, ulezi wa kitaaluma na ushirikishwaji wa familia.

Watathmini wake, wakiongozwa na Kenneth Maton, hawakuwalinganisha wanafunzi hao na wanafunzi Weusi wa kawaida. Waliwalinganisha na wale waliopewa nafasi ileile, wakaikataa na kwenda vyuo vingine. Makundi yote mawili yalikuwa yamechujwa na kamati moja kwa vigezo vilevile, hivyo tofauti za uwezo na maandalizi zilipungua sana. Matokeo yalionesha kwamba waliojiunga na programu walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kuendelea na masomo ya uzamivu katika sayansi, hisabati na uhandisi.

Ulinganisho huu ni bora, lakini haujakamilika. Anayekubali nafasi katika programu inayosisitiza uzamivu huenda tayari anautaka uzamivu. Anayeikataa huenda ana ndoto ya udaktari wa tiba au sheria. Uwezo umesawazishwa, lakini nia haijasawazishwa. Hata hivyo, ukubwa wa tofauti hiyo unafanya iwe vigumu kuieleza kwa nia peke yake, na kuigwa kwa mfumo huo katika vyuo vikuu vya Penn State na North Carolina, Chapel Hill, kuanzia mwaka 2013, kumeupa ushahidi uzito wa ziada.

4.0 Ugawaji wa Nasibu: Nguvu na Mipaka Yake

Njia ya kulitatua tatizo la kujichagua kikamilifu zaidi ni kuwapata wanafunzi wote wanaostahili na walio tayari, kisha kupiga kura nani aingie katika programu. Kwa kuwa bahati haijui ari wala kipato, makundi mawili yanayopatikana hufanana kwa wastani katika mambo yote, hata yale ambayo mtafiti hakuyapima.

Mfano unaojulikana sana ni programu ya ASAP ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, iliyoanza mwaka 2007 katika vyuo vyake vya jamii. ASAP haichagui kwa rangi, lakini wanafunzi wengi wa vyuo hivyo ni Weusi na Walatino. Mwanafunzi anatakiwa kusoma kwa muda wote. Kwa upande wake chuo kinafidia pengo la ada, kinampa vitabu na kadi ya usafiri, na kumkabidhi kwa mshauri ambaye wakati wa tathmini alihudumia wanafunzi 60 hadi 80, huku mshauri wa kawaida akihudumia mamia. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa kwa nasibu wanafunzi 896 waliohitaji masomo ya kurekebisha. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliopewa nafasi ya ASAP walikuwa wamehitimu, ikilinganishwa na asilimia 22 ya kundi linganishi. Mfumo huo ulipojaribiwa katika vyuo vitatu vya jamii huko Ohio, matokeo yalikuwa asilimia 35 dhidi ya asilimia 19.

Tathmini hiyo ilishughulikia pia gharama. Kwa kila mwanafunzi, ASAP iligharimu zaidi ya asilimia 60 juu ya gharama za kawaida za chuo. Takwimu hiyo ikitajwa peke yake, bodi yoyote ya fedha ingeitupa programu. Lakini kwa kuwa wahitimu walikaribia kuwa maradufu, gharama ya kila shahada iliyopatikana ilishuka kwa takriban asilimia 11. Kigawanyo kinachochaguliwa, mwanafunzi au mhitimu, hubadili hukumu nzima.

Ugawaji wa nasibu una mipaka yake. Tathmini ya kitaifa ya Upward Bound, iliyowagawa waombaji kuanzia mwaka 1992, haikuona athari kubwa kwa jumla katika kujiunga na chuo. Wakosoaji walionesha kwamba katika hesabu za wastani wa taifa, mradi mmoja tu kati ya makumi ulibeba zaidi ya robo ya uzito wote, na kwamba wengi katika kundi linganishi walikuwa wamepata huduma zinazofanana kwingineko. Mabishano hayo yanatufundisha mambo mawili. Kura ya nasibu haimwondolei mtafiti wajibu wa kuchunguza jinsi wastani ulivyopatikana. Vilevile, "kutokuwepo kwa programu" mara nyingi si utupu: ni huduma nyingine, na tathmini hupima tofauti kati ya huduma mbili.

Kuna pia swali la maadili. Kumnyima mwanafunzi msaada kwa kura kunaonekana kama ukatili. Jibu linalokubalika ni kwamba, pale nafasi zinapokuwa chache kuliko waombaji, kuna watakaokosa kwa vyovyote vile. Kura huondoa upendeleo wa anayegawa. Pale nafasi zinapotosha kwa wote, hoja hiyo haina nguvu, na mtathmini anapaswa kutafuta njia nyingine.

5.0 Programu Ileile, Mahali Tofauti

Mwaka 2011, Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha jaribio lililowahusisha wanafunzi 92, Weusi na Wazungu, katika chuo kimoja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo yaliyoonesha kwamba wasiwasi wa kutokubalika chuoni huwapata wengi na hupungua kwa muda, kisha wakaandika jinsi jambo hilo linavyohusiana na maisha yao. Zoezi lilichukua takriban saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, pengo la alama kati ya wanafunzi Weusi na Wazungu lilipungua kwa nusu hivi.

Matokeo kama hayo huvutia watawala, kwa kuwa saa moja haigharimu kitu. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha wanafunzi 26,911 katika vyuo 22, uliweka sharti muhimu: zoezi lilisaidia pale ambapo chuo chenyewe kiliwapa wanafunzi wa kundi husika nafasi halisi ya kujisikia wamo. Pale ambapo nafasi hiyo haikuwepo, maneno mazuri hayakuzaa matunda. Kwa maneno mengine, haitoshi kumwambia mwanafunzi kwamba atakubalika. Ni lazima akubalike kweli.

Somo hilohilo linatoka Georgia. Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, mjini Atlanta, kilikuwa na kiwango cha kuhitimu cha asilimia 32 mwaka 2003. Katika miaka iliyofuata kilipanda na kuvuka asilimia 50, na pengo kati ya wanafunzi Weusi na Wazungu likafutika. Chuo kilitumia uchambuzi wa takwimu kubaini dalili za mwanafunzi kuyumba, kiliongeza washauri, na tangu mwaka 2011 kilitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokaribia kufutwa kwa sababu ya deni dogo la ada. Ulinganisho wa kabla na baada ni dhaifu, kwani mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Hata hivyo, katika kipindi hicho sehemu ya wanafunzi wenye kipato kidogo iliongezeka, jambo ambalo lingetarajiwa kushusha kiwango hicho.

Ushauri wa aina hiyo ulipojaribiwa kwa nasibu katika vyuo vikuu 11 kuanzia mwaka 2016, kwa wanafunzi zaidi ya 10,000, wastani wa jumla haukuonesha athari ya maana. Georgia ndiyo iliyojitokeza kuwa na matokeo chanya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Programu iliyosifiwa nayo, inaposambazwa, huweza kuongezwa maji: jina hubaki, mshauri huajiriwa, lakini mamlaka ya mshauri kufungua milango ya ofisi nyingine hayahamishiki kwa waraka.

6.0 Sheria na Kile Kinachoweza Kupimwa

Tathmini haifanyiki nje ya sheria. Mwaka 1994, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilibatilisha ufadhili wa Banneker wa Chuo Kikuu cha Maryland, College Park, uliotengwa kwa wanafunzi Weusi pekee. Mwaka 1996 programu ya Meyerhoff ilifunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote wanaojali maendeleo ya makundi yenye uwakilishi mdogo katika sayansi. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa Juni 2023 kuhusu udahili katika Harvard na North Carolina umeongeza tahadhari hata katika programu zisizohusu udahili.

Athari yake kwa mtathmini ni ya moja kwa moja. Programu inapofunguliwa kwa wote, wastani wa jumla huweza kupanda huku wanafunzi Weusi wakibaki palepale. Asipotenganisha matokeo kwa makundi hatagundua. Akiyatenganisha katika sampuli ndogo, idadi ya kila kundi hupungua na tofauti ya kweli huweza kushindwa kuonekana. Kwa hiyo ukubwa wa sampuli unapaswa kupangwa tangu mwanzo kwa kuzingatia kundi linalokusudiwa, si jumla ya washiriki.

7.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa haitoi jibu moja la kama programu hizi zinafanya kazi. Inaonesha kwamba programu zenye ushahidi thabiti zina sifa zinazofanana: zinaunganisha fedha, ushauri wa karibu na jumuiya ya wanafunzi wanaosoma pamoja, zinadumu kwa miaka, si kwa wiki, na zinakibadili chuo, si mwanafunzi peke yake. Inaonesha pia kwamba mtathmini anapaswa kujibu maswali matano: Nani wamehesabiwa na nani wameachwa nje ya hesabu? Kundi linganishi lilipatikanaje? Kundi hilo lilipata huduma gani nyingine? Matokeo yakoje kwa kundi lililokusudiwa, na sampuli ilitosha kuyaona? Gharama imegawanywa kwa nani: kwa aliyeingia au kwa aliyehitimu?

Maswali haya yanaweza kuvuka bahari. Vyuo vyetu navyo vina programu za kuwasaidia wanafunzi wa kike katika sayansi, wanafunzi wenye ulemavu na wanaotoka maeneo ya pembezoni, na ripoti zake nyingi zinafanana na ile ambayo mwandishi huyu aliwahi kuiandika. Kama angeiandika upya leo, angeanza na orodha ya walioacha kuhudhuria. Angewatafuta mmoja mmoja, awaulize kilichowazuia kufika, na ndipo angeanza kuhesabu waliofaulu.